Baba, Warumi na Fahali Mweusi

Baba yangu nimemwona akiwalilia watu wengi, na wote walikuwa ndani ya televisheni. Mama hakumlilia hata siku moja, ingawa mama ndiye aliyekuwa akivuja damu ya kweli.

Televisheni yenyewe ilikuwa Katesh, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kondoa. Mkoa wetu ulikuwa mpya wakati ule. Tulikuwa tumetoka kukatwa Arusha, na watu wazima walikuwa bado wanakosea kuandika anuani. Biashara zilikuwa zimefunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia: makoti ya mitumba, betri za magari, na lile dishi kubwa la kunasa picha ambalo mwenye duka alilikandamiza kwa mawe juu ya bati, maana upepo wa mlima Hanang hauna adabu. Kila Jumapili mchana, ibada ikiisha, aliwasha jenereta na kuonyesha tamthilia ya Wakristo wa kwanza chini ya Warumi. Dini yake na ya tamthilia hazikuwa moja, lakini hilo halikumsumbua. Alisema benchi halina dini, ilimradi aliyelikalia amenunua soda.

Baba alikuwa mzee wa kanisa kwetu Nangwa. Tulitembea pamoja hadi Katesh, yeye mbele na koti lake, mimi nyuma na Biblia yake kichwani kama mzigo wa kuni. Nilikuwa msichana wa darasa la sita, mtoto wake wa kwanza, na alipenda nione mambo ya imani. Tulikaa benchi la mbele. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama kando ya kioo na kututafsiria Kiingereza, akiongeza chumvi pale alipoona pamepoa.

Wiki ya kwanza tulicheka kwa sababu askari wa Kirumi walivaa sketi. Wiki ya pili hakuna aliyecheka. Walimfunga mzee mmoja kwenye nguzo wakamchapa mijeledi mpaka mgongo ukawa nyama ya buchani. Wakawapaka watu lami na kuwawasha moto kuwa taa za bustani. Wakawaachia simba wenye njaa kwenye uwanja, na maelfu wamekaa juu wanakula zabibu na kushangilia. Kila mmoja aliulizwa kwanza swali dogo tu: utatupa ubani kidogo mbele ya sanamu ya mfalme, uende nyumbani ukale? Wakristo wakasema hapana. Mtu mwenye akili za shamba kama mimi alijiuliza ubani kidogo una nini, lakini sikusema, maana baba pembeni yangu alikuwa anatetemeka mabega, machozi yanashuka hadi kwenye ndevu.

"Mzee," mwenye duka alimwambia siku moja akikusanya chupa, "hao walikufa zamani sana. Pole sana, lakini walishazikwa."

"Kwangu wamekufa leo," baba alijibu.

Halafu tukarudi nyumbani, na yule aliyewalilia waliochapwa mijeledi akachukua fimbo yake ya ng'ombe. Sababu haikukosekana. Ndama amenyonya akamaliza maziwa, maharage yamechelewa, au mama amejibu neno moja zaidi. Alimpiga mgongoni, mapajani, na mara moja alimpiga usoni, jicho likafumba siku nne. Nyani haoni kundule, na baba yangu alikuwa nyani wa daraja la kwanza. Nilichoogopa kilikuwa kimoja, na nilikiogopa kila siku nikiwa shuleni, shambani na kisimani: kwamba ipo siku baba atampiga mama na mama hatainuka.

Lazima niseme mama alikuwa nani. Baba ni Mwiraqw, mkulima mtoto wa wakulima, mahindi na mbaazi na ng'ombe wachache. Mama ni Mdatoga, binti wa wafugaji wa upande wa Hirbadaw, aliyebatizwa wiki moja kabla ya kuolewa. Alilipenda kanisa kwa sababu ya nyimbo. Mengine ya kwao hakuyaacha, aliyakunja tu na kuyaweka chini ya sanduku.

Mwaka huo huo wa tamthilia alijifungua mtoto wa kiume. Kwa watu wa mama, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani miezi. Hatoki mbele za watu, hateki maji, na mumewe hamgusi hata kwa ukucha. Ukimpiga mwanamke aliye kwenye uzazi, umewapiga wanawake wote. Baba aliijua sheria hiyo vizuri. Alikuwa ameoa humo, na waliomwoza walimwambia.

Mtoto alipokuwa na wiki mbili, bibi mzaa mama alikuja kutoka Hirbadaw na kibuyu cha samli. Alimpaka mjukuu mwili mzima, akamfunga kiunoni uzi wa shanga, na asubuhi ya Jumapili akaondoka zake, maana mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai boma moja wakatazamana. Sisi tukaenda kanisani, kisha Katesh.

Jumapili hiyo ilikuwa ya binti mmoja wa kwenye tamthilia, msichana wa miaka kama kumi na mitano. Kwanza alichukua sanamu za miungu ya nyumbani kwao na kuzitupa motoni. Halafu akapelekwa kwa jaji. Baba yake mzazi akapiga magoti mbele yake, akamsihi aseme uongo, neno moja tu, aokoe nyumba yao na aibu. Binti akamwangalia baba yake, akasema ukweli. Mwalimu alitafsiri kwa sauti ya chini kabisa, karibu imezwe na mlio wa jenereta nje.

Njiani kurudi baba alinisimamisha. Macho yalikuwa mekundu. "Umemwona yule binti?"

"Nimemwona, baba."

"Mbele ya jaji, mbele ya baba yake. Wewe ungeweza?"

"Ningeweza, baba."

Alinishika kichwani. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kunishika kichwani kabla ya siku ile, na nilifurahi.

Tulipofika aliingia moja kwa moja ndani kumwona mtoto. Nilisikia anauliza hiki ni nini. Mama akasema ni shanga za bibi yake, hazina neno. Baba akasema zitupwe motoni sasa hivi. Mama akasema mtoto ni wa nyumba mbili, na uzi hautoki mpaka ukatike wenyewe. Hakusema kwa ukali. Alikuwa amekaa kwenye ngozi karibu na jiko, mtoto kifuani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na Biblia mikononi.

Fimbo ya kwanza ilimpata begani. Ya pili ilikuwa inakuja kichwani, au kwa mtoto, sijui, na sidhani kama baba mwenyewe alijua. Mama aliinua mkono wa kulia. Nilisikia mfupa. Ni sauti ndogo, kama bua kavu la mahindi chini ya mguu, na baada yake mama alitoa pumzi tu. Alijikunja juu ya mtoto na baba akaendelea na mgongo. Nilihesabu hadi tisa, nikaacha kuhesabu. Alipochoka aliukata uzi kwa kisu, akatupa shanga motoni, akatoka nje akaanza kuimba wimbo wa kanisa. Namchukia kwa mengi, lakini kwa wimbo ule ndiyo zaidi.

Mtoto alikuwa mzima. Mama alipoinua uso aliniambia nilete maji, nikaleta. Usiku kucha mkono ulivimba, na asubuhi ulikuwa mweusi kuanzia kiwiko hadi vidole. Baba alimwita fundi wa mifupa, akamwambia mke wake ameteleza zizini. Fundi akamfunga vijiti bila kuuliza mwanamke wa uzazi alifuata nini zizini.

Jumatatu hiyo nilivaa sare, nikabeba daftari, na sikwenda shule. Nilishika njia ya Hirbadaw. Nilitembea hadi jua likapita utosini, miguu ikachanika kwa miiba, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu nitakayosema nikifika, nisije nikalia kabla ya kumaliza. Bibi nilimkuta anakamua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Bado," nilimjibu.

Nikamwambia yote. Bibi hakupiga kelele wala hakulia. Alimalizia kukamua, akanipa maziwa yale yangali na moto, akachukua fimbo yake na kwenda boma la jirani. Huko wanawake wawili wakachukua zao, wakaenda boma la mbele. Hadi jioni habari ilikuwa imefika nisikokujua. Kesho yake nikarudi nyumbani.

Alhamisi asubuhi wanawake walikuja kwetu. Walizidi hamsini, wenye sketi za ngozi, bangili za shaba mikononi, kila mmoja na fimbo. Hawakukimbia wala kupiga yowe. Walikaa chini mbele ya boma letu kama watu waliokuja kupalilia. Mwanamke mzee kuliko wote alisimama na kusema hukumu yao kwa lugha yao: mwenye boma amempiga mwanamke wa uzazi, atoe fahali mweusi kwa mkono wake mwenyewe. Asipotoa watamlaani, yeye na shamba lake na tumbo lake, na hakuna Mdatoga atakayeoa wala kunywa maji kwake.

Baba alikuwa na fahali mmoja tu mweusi, na alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, nasema hivyo bila chuki. Alimpa jina, akawa anamkuna shingo jioni. Lakini sidhani kama ni fahali aliyemfanya akatae. Alipowaona wanawake wale uso wake uling'aa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba yangu alikuwa ameingoja siku hii Jumapili nyingi. Warumi walikuwa wamefika Nangwa.

Alivaa koti, akachukua Biblia, akasimama langoni. "Mimi ni Mkristo," alisema kwa sauti ya yule mwalimu wa Katesh. "Siwezi kutoa mnyama kwa miungu. Nipigeni. Niueni hapa hapa." Wazee wenzake wa kanisa walikuwa wameshapata habari, wakaja na mwinjilisti wetu, wakasimama nyuma yake na kuimba. Mmoja wao alikuwa analia. Wanawake wakawatazama tu. Sidhani kama waliwahi kumwona mtu anayeomba kuuawa kwa kudaiwa faini.

Mwinjilisti alikuwa mtu wa haki, mwembamba, mwenye baiskeli isiyo na breki. Aliwanyamazisha waimbaji akamuuliza baba mbele ya wote. "Mzee mwenzangu, wanasema umempiga mkeo. Umempiga?"

"Aliteleza zizini."

"Sawa. Kama aliteleza, hawa wanakutesa kwa ajili ya jina la Bwana, na sisi tutasimama na wewe mpaka jioni. Lakini kama ulimpiga, hii siyo sadaka ya miungu. Hii ni faini, na utalipa."

Mama hakuweza kuitwa, kwa sababu alikuwa kwenye uzazi, na mwanamke wa uzazi hasimami mbele ya wanaume. Ndipo yule mwanamke mzee aliponinyooshea fimbo yake. "Huyu alikuwepo," alisema. Mwinjilisti akaniita nisogee.

Nilisogea. Upande mmoja kulikuwa na koti la baba na wazee wa kanisa, watu waliokuwa wakinipa pipi Krismasi. Upande mwingine vumbi, fimbo hamsini, na bibi yangu ambaye hakunitazama hata kidogo, asije akasemekana amenifundisha. Baba alinitazama. Hakupiga magoti, baba yangu si wa kupiga magoti, lakini macho yake yalikuwa yamepiga. Nilimpenda dakika ile. Nilijua pia kwamba nikisema aliteleza, wanawake watarudi makwao, na fimbo ya ng'ombe itabaki kwetu.

"Mwanangu," mwinjilisti alisema taratibu, "mama aliteleza?"

"Hapana. Baba alimpiga. Mkono ulivunjika alipokuwa anamkinga mtoto. Baada ya hapo akampiga tisa mgongoni, na zaidi."

Wazee wa kanisa hawakuimba tena. Mmoja baada ya mwingine walisogea kutoka nyuma ya baba, na aliyekuwa analia akafuta uso kwa kofia, akaenda kusimama kwenye ua wa minyaa kama mtu aliyekuja kutafuta ng'ombe aliyepotea. Baba alibaki langoni peke yake. Mwinjilisti aliichukua Biblia mkononi mwake, kwa upole, akamwambia aende zizini.

Baba mwenyewe alimtoa fahali. Sheria yao ilitaka ashike kamba, na akashika. Wanawake waliinuka wakamzunguka mnyama na kuanza kumpiga kwa fimbo, wote kwa pamoja, bila kisu wala mkuki. Fahali hafi haraka kwa fimbo. Kwanza alishangaa. Halafu alivuta kamba akamkokota baba kwenye mavi, fimbo zikimshukia mbavuni, puani, miguuni, zikilia kama watu wanaopura mtama. Jicho moja lilitoka. Alipiga magoti ya mbele akalia kama ndama, damu na povu vikamrukia baba kwenye koti, na baba akawa anamwita kwa jina lake, taratibu, kama anavyomwita jioni. Bibi yangu alikuwa mbele kabisa. Kila pigo lake alitaja jina la mama. Ilichukua muda mrefu. Nilimwonea huruma yule mnyama mpaka nikatapika, na bado sikutaka waache. Mambo yote mawili yalikuwa kweli tumboni mwangu, na sijawahi kuyatenganisha.

Waliichoma nyama pale pale wakala, iliyobaki wakaibeba. Kipande cha ini walimpelekea mama ndani.

Miezi miwili na nusu baba hakumgusa mama, wala hakwenda Katesh. Hakunisemesha pia. Chakula alipewa na mdogo wangu wa kike anayenifuata. Mimi nilifikiri mambo yamekwisha, nikaanza kulala vizuri. Mama akamaliza uzazi, akatoka nje juani. Mkono wake ulikuwa umeunga upande, vidole havikunji, na akajifunza kufanya kila kitu kwa kushoto.

Jumapili moja baba alivaa koti lake lililofuliwa, akaenda kuangalia televisheni peke yake. Tamthilia ilikuwa imeisha na kuanzwa upya, na bahati yake mbaya siku hiyo ilikuwa zamu ya yule binti mbele ya jaji. Nilisimuliwa na waliokuwepo. Baba wa binti alipopiga magoti kwenye kioo, mtu wa benchi la nyuma alisema, "Jaji aitiwe binti wa mzee wa Nangwa, kesi iishe mapema." Chumba kizima kilicheka. Mwalimu alicheka, na mwenye duka pia, akijifanya anakohoa. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Baba alinyanyuka na kuondoka, soda haijafika nusu.

Alinikuta uani napepeta mahindi. Alivua mkanda, na pigo la kwanza la upande wa chuma lilinipata sikioni, nikaanguka juu ya ungo. Alinipiga nikiwa chini, mgongoni na miguuni, na nilipojaribu kutambaa aliniwekea buti shingoni. Nakumbuka punje za mahindi mdomoni na sikio linalia kengele. Nilikuwa nawaza, kwa akili safi kabisa, kwamba mwanamke wa uzazi ana sheria yake na mtoto wa darasa la sita hana, na kwamba hakuna hamsini watakaotoka Hirbadaw kwa ajili yangu.

Ndipo buti likainuka. Mama alikuwa ametoka jikoni na kijinga cha moto mkono wa kushoto. Alikuwa amekibandika mgongoni mwa kiganja cha kulia kilichoshika mkanda, akakikandamiza pale, na hakukiondoa baba alipopiga ukelele. Nilisikia harufu ya nyama. Mkanda ulianguka. Mama alisubiri kidogo zaidi, ndipo akakitoa.

"Mimi ulinipiga, wakanisemea wenzangu," alimwambia, akihema. "Huyu alisema kwa ajili yangu. Ukimgusa tena sitamwita mtu."

Baba aliketi chini kwenye mahindi, ameshika kiganja, anatazama moto ule unaofuka. Hakumgusa mama tena mpaka anakufa, wala mimi.

Jioni ile mama alisonga ugali kama kawaida, akampaka baba samli kwenye kiganja, akakifunga kitambaa bila kumtazama usoni. Tulikaa kuzunguka sahani moja. Wote wawili walikula kwa mkono wa kushoto, taratibu, tonge zikiwaponyoka. Nilipochelewa kunyoosha mkono, baba alinisogezea bakuli la maziwa, na mimi nikanywa huku namwangalia.